Jinsi ya kupima starehe ya sedani ya umeme ya kifahari kabla hujatoa pesa: mwongozo kamili kwa mnunuzi wa Lubumbashi

Simu huwa inaanza vilevile. "Yaya, motokari ni muzuri, lakini inanichokesha." Anayepiga yuko mtaa wa Golf au Bel-Air, gari lina miezi miwili uani, pesa zimeshaondoka. Nikimuuliza aliijaribu vipi, jibu nalijua kabla hajalitoa: aliketi mbele, akagusa skrini, akazunguka mtaa mmoja wa lami, akasikia kimya, akasaini.

Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Gari la mafuta bovu linajitangaza lenyewe, kwa mngurumo, kwa gia inayogonga, kwa moshi. La umeme linakuja limenyamaza, na ule ukimya wa dakika kumi za kwanza unaficha yote yatakayokuchosha baadaye. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia mimi nikiitwa kukagua. Unakula nusu siku, na usiku mmoja zaidi ukiruhusiwa. Muuzaji asiyekupa nusu siku kwa gari la bei hiyo, mwache na gari lake.

## Vitu vya kubeba

- Mita ya fundi, ile ya chuma.
- Simu yenye programu ya kupima kelele. Haitakuwa sahihi kama chombo cha maabara, lakini kwa kulinganisha gari na gari inatosha.
- Kipimajoto kidogo cha chumbani.
- Chupa ya plastiki ya maji, nusu tu.
- Geji ya upepo wa matairi na tochi.
- Kijitabu na kalamu. Usiandike kwenye simu, simu ina kazi nyingine.
- Watu wawili: mmoja mrefu kuliko wote nyumbani, na mmoja mzee. Mama mwenye kikwembe ni bora zaidi, sababu utaiona.
- Dereva wako wa kila siku, kama unaye.
- Gari ulilokuja nalo. Hilo ndilo kipimo chako, kwa hiyo usiliache mbali.

Betri iwe na zaidi ya nusu, na uende kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, jua likiwa kali. Jioni kila gari ni zuri.

## Hatua ya 1: Uliza gari lilitengenezewa soko gani

Fanya hili kwa simu, kabla ya kutoka nyumbani, maana jibu linaweza kukuokolea safari nzima.

Gari lililotengenezewa China huwa na tundu la kuchajia la GB/T. La Ulaya lina CCS2. Tesla za Marekani zina tundu lao lenyewe, NACS. Nje ni gari moja, jina moja, rangi moja, lakini chaja haziingiliani bila adapta. Lugha ya skrini nayo inafuata soko. Nimewahi kuketi kwenye gari lenye amri ya sauti inayosikia Kichina peke yake, na ramani ambayo Katanga yote ni uwanja mweupe wenye mshale katikati.

Uliza pia usukani uko upande gani. Kwetu tunapita kulia. Mwenye usukani wa kulia, akitaka kuipita lori la shaba barabara ya Likasi, lazima amuulize abiria kama mbele kuna mtu. Hiyo si starehe kwa yeyote kati yao.

Umefaulu ukiwa na: jina la tundu, lugha zilizomo kwenye skrini, na upande wa usukani, vyote vimeandikwa kwenye ujumbe wa muuzaji mwenyewe.

## Hatua ya 2: Keti nyuma kwanza

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Ukifika, komisioneri, yaani dalali, atakufungulia mlango wa dereva. "Mukubwa, hii ni motokari ya bakubwa, ona tu ekra!" Mshukuru, kisha zunguka ufungue mlango wa nyuma. Magari haya hapa mjini mengi yanaendeshwa na dereva, mwenyewe yuko nyuma na simu mbili. Kama wewe ni hivyo, kiti cha nyuma ndicho gari lako. Cha mbele ni ofisi ya mtu mwingine.

Sababu yenyewe ni ya umbo. Betri imelazwa chini ya sakafu yote, na inaweza kuinua sakafu kwa sentimita kumi au zaidi. Mtengenezaji hawezi kuinua na paa vilevile, kwa sababu sedani inatakiwa iwe chini ili ipasue upepo vizuri na chaji ya betri idumu. Mercedes EQS iliyotoka 2021 ilifikia kipimo cha ukinzani wa upepo cha 0.20, na upinde wa paa lake ni sehemu ya siri hiyo. Kwa hiyo sakafu inapanda, paa linashuka, na wewe uko katikati.

Fanya hivi. Keti nyuma kabisa, mgongo umegusa kiti, nyayo zote mbili sakafuni. Sasa kunja ngumi, uipitishe chini ya paja lako, pale kiti kinapoishia karibu na goti.

Ngumi ikikataa kuingia, paja limebebwa na kiti, vizuri. Vidole vinne vikiingia vimelala, utavumilia safari ya mjini. Ngumi nzima ikipita bila kugusa kitu, magoti yako yako juu, na uzito wote wa mwili umekaa kwenye makalio na mfupa wa mkia. Kwa dakika kumi huhisi chochote. Ukifika Likasi utashuka umejishika kiuno.

Mzee mmoja niliyemleta kwa kipimo hiki aliketi, akatulia kidogo, akaniangalia kwa huruma kama vile mimi ndiye niliyelitengeneza gari. "Mutoto wangu, magoti inanifika ku kidevu." Muuzaji alikuwa bado anaeleza spika ngapi zimo milangoni.

Baada ya ngumi, mwite yule mrefu. Mwambie akae wima, asijikunje kwa heshima. Pima kwa mita kutoka kichwani hadi paa: chini ya sentimita tatu, kichwa kitagonga kwenye shimo la kwanza. Angalia pia kama nyayo zinaingia chini ya kiti cha mbele kikiwa kimeshushwa hadi mwisho. Magari mengine yanaziba nafasi hiyo kabisa, na ukiuliza utaambiwa dereva akiinue kiti kidogo. Dereva naye ana kichwa.

Usidanganywe na urefu wa gari. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma unaweza kupita mita 3.2, kama kwenye EQS na BMW i7, miguu ikapata nafasi ya kunyooka, na bado goti likabaki juu. Urefu wa chumba na kimo cha kiti ni mambo mawili, yapime mbalimbali.

Neno moja kuhusu sinema. BMW i7 inaweza kuja na skrini ya inchi 31.3 inayoshuka kutoka paani mbele ya abiria wa nyuma. Ni kitu cha ajabu, sikatai. Ikishuka, dereva haoni kitu kwenye kioo cha kati. Halafu picha zake zinataka intaneti yenye nguvu, na bando hilo ni juu yako.

Umefaulu ukiwa: watu watatu wa maumbo tofauti wameketi nyuma dakika kumi na tano kila mmoja, na hakuna aliyebadili mkao zaidi ya mara mbili. Hesabu mara hizo bila kuwaambia.

## Hatua ya 3: Ingia na utoke mara tano

Sasa ni zamu ya mama mwenye kikwembe. Kikwembe kinafunga hatua, na kizingiti kipana cha mlango kinataka hatua ndefu. Kijana wa suruali hataona shida ambayo mama huyu ataikuta mara ya kwanza.

Angalia mambo mawili: kichwa chake kinapita wapi kwenye paa linaloteremka, na mguu wake wa pili unatokaje. Gari likiwa na springi za hewa, muulize muuzaji kama linajiinua lenyewe mlango unapofunguliwa, maana hilo linasaidia sana.

Jaribu na vishikio vya milango. Magari mengi ya aina hii yana vishikio vinavyozama ndani ya bati na kujitokeza kwa mota. Safi kwa macho. Vumbi letu la Agosti, lile jekundu laini kama unga, linaingia humo humo. Vifungue na kuvifunga mara kumi mfululizo, usikilize kama kuna kimoja kinachosita. Kisha uliza: umeme mdogo wa gari (wa betri ndogo ya volti 12) ukifa, mlango unafunguliwa vipi kwa mkono, kutoka ndani na kutoka nje? Asiyejua kukuonyesha, akatafute kitabu cha gari mkiwa hapohapo.

Onyo: jibu la swali hilo mfundishe kila mtu wa nyumbani, watoto pia.

## Hatua ya 4: Kiti cha dereva

Hapa pita haraka. Viti vya mbele vya magari haya karibu vyote ni vizuri, na vya kukanda mgongo vipo. Zima kukanda, zima kupoza, ukae dakika ishirini hivyo hivyo. Mota za kukanda zinaweza kuficha kiti kibaya, kama pilipili inavyoficha nyama ya jana.

Angalia kitu kimoja tu kwa makini: nguzo za mbele za kioo ni nene, na kwenye raundi-poenti zinaweza kuficha wewa mzima na pikipiki yake. Tembeza kichwa, uone.

## Hatua ya 5: Barabara, na hasa ile mbaya

Kabla ya kuondoka, pima upepo wa matairi na ulinganishe na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Wauzaji wengine hupunguza upepo ili gari lijifanye laini. Nimelikuta hilo mara mbili. Jaza hadi kiwango, ndipo mtoke.

Kisha lala chini na tochi, upime nafasi kati ya udongo na tumbo la gari. Sedani nyingi za namna hii zina kama sentimita 12 hadi 15, na watu wanne wakipanda, zinapungua. Tumbo hilo ni kasha la betri, kitu ghali kuliko vyote ndani ya gari. Tafuta mikwaruzo mipya. Rangi iliyopakwa upya chini ya gari ni swali, uliza.

Njia yenyewe iwe na vipande vinne: lami laini, lami iliyochimbika, dodane (matuta ya barabarani) tatu mfululizo, na udongo wa mtaa wa ndani. Kwa hapa kwetu huna haja ya kwenda mbali. Toka Golf, pita katikati ya mji, ingia mitaa ya ndani ya Katuba au Ruashi, urudi.

Weka ile chupa ya maji sakafuni nyuma, wima, bila kuishika, na wewe ukae pembeni yake. Mwambie dereva aende kilometa 30 kwa saa kwenye lami iliyochimbika.

Kwa nini mwendo mdogo? Kwa sababu magari haya ni mazito. EQS 580 na i7 xDrive60 zote zinazidi tani 2.5. Kwa mwendo wa kasi uzito huo unalituliza gari, linateleza kama mashua. Kwa mwendo mdogo kwenye mashimo, springi zinazobeba uzito huo zinapiga kwa ukali, na ukiongeza janti za inchi 21 zenye mpira mwembamba, kila shimo linakuja moja kwa moja mgongoni. Muuzaji anapenda janti kubwa kwa sababu zinapendeza kwenye picha. Ukiweza kuchagua, chukua za inchi 19. Utapoteza uzuri kidogo na utapata uti wa mgongo.

Kwenye dodane sikiliza vitu viwili: mgongo wa gari ukipanda (laini au kofi?) na ukishuka (mara moja, au linaendelea kuyumba?). Likiyumba zaidi ya mara moja na nusu, amortisa (shokamzoba) zimechoka au zimewekwa laini kupita kiasi. Jaribu hali zote za springi zilizomo kwenye skrini, halafu mwambie dereva ainue gari hadi juu kabisa na apite udongo. Andika linajishusha lenyewe kwa mwendo gani. Mengine hukataa kubaki juu ukizidi mwendo mdogo, na barabara yetu ya mvua haiishii kwenye mwendo huo.

Onyo: usipitishe gari kwenye dimbwi usilojua kina chake, hata muuzaji akikuapia kwa mama yake kwamba betri imefungwa. Na likikwama, livutwe juu ya gari la kubebea. Kamba inazungusha magurudumu, magurudumu yanazungusha mota, na mota ikizungushwa inazalisha umeme usio na pa kwenda.

Umefaulu ukiwa: chupa imesimama kwenye lami iliyochimbika, imeanguka mara moja tu kwenye udongo, na tumbo halijagusa dodane hata moja mkiwa watu wanne.

## Hatua ya 6: Pima ukimya, kisha pima kinachobaki

Injini ikiondoka, kelele zingine zinapandishwa cheo. Upepo wa kioo cha pembeni, mpira juu ya lami, plastiki inayolia kwenye nguzo: vyote vilikuwepo kwenye gari lako la dizeli, ila ulikuwa huvisikii.

Washa programu ya kelele, ishikilie karibu na sikio la abiria wa nyuma, soma kwa kilometa 40, 80 na 100 kwa saa. Rudia palepale kwa gari ulilokuja nalo. Tofauti kati ya namba hizo ndiyo habari yako. Nimekuta sedani mpya iliyokuwa tulivu mno kwa 40, na kwa 100 ikawa sawa na Mercedes ya mafuta ya mteja yenye miaka kumi, kisa matairi mapana.

Kwenye udongo zima redio na kiyoyozi, funga macho. Sauti ya *tik-tik* kwenye paa la kioo haitaisha, itakua.

## Hatua ya 7: Breki inayorudisha umeme na tumbo la abiria

Hili watu hawalitaji, na ndilo linalowafanya wengine walichukie gari bila kujua sababu.

Ukiinua mguu kwenye gari la umeme, mota inageuka kuwa jenereta na gari linapungua mwendo lenyewe. Dereva anajua ameinua mguu. Abiria hajui. Hakuna mlio wa injini wa kumtahadharisha, kwa hiyo mwili unasukumwa mbele na kurudi, mbele na kurudi, hadi tumbo linageuka.

Mama mmoja mfanyabiashara aliniambia gari lake jipya "lina ugonjwa". Kila akifika dukani anataka kutapika. Nikaketi naye nyuma. Dereva wake ameendesha dizeli miaka mingi, na mguu wake una tabia ya dizeli: kanyaga, inua, kanyaga, inua. Tuliingia kwenye mipangilio, tukashusha nguvu ya breki hiyo hadi kiwango cha chini, tukamwacha dereva aendeshe kama zamani. Ugonjwa uliisha siku ileile.

Kwa hiyo jaribu hivi: dereva wako, siyo wa muuzaji, aendeshe dakika kumi kwenye msongamano kwa kiwango cha juu, na kumi kwa kiwango cha chini. Wewe uko nyuma unasoma ujumbe kwenye simu.

Umefaulu ukiwa: umesoma dakika kumi bila kuinua kichwa kutafuta hewa, na kiwango ulichochagua kinabaki palepale gari likizimwa na kuwashwa. Mengine hurudi kwenye kiwango cha kiwandani kila asubuhi.

## Hatua ya 8: Jua, vumbi na kioo cha paani

Egesha juani dakika thelathini, milango imefungwa. Weka kipimajoto kiti cha nyuma. Washa kiyoyozi kwa nyuzi 22, hesabu dakika hadi kipimajoto kifike 25. Dakika sita au saba ni nzuri. Kumi na tano, kuna tatizo.

Magari mengi haya yana paa la kioo bila pazia. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, utaliona jua hilo kwenye upara wako. Uliza kama pazia la kuweka linapatikana.

Kisha, kwenye mtaa wa udongo, fuata gari lingine kwa dakika tano hewa ikiwa kwenye mzunguko wa ndani. Pitisha kidole juu ya dashibodi. Kidole kikirudi chekundu, mpira wa mlango fulani hauzibi.

## Hatua ya 9: Skrini na mambo yaliyofungwa kwa ada

Usiulize skrini inaweza nini. Mpe dereva kazi tatu, gari likitembea polepole mahali pasipo watu: aondoe ukungu kwenye kioo cha mbele, abadili joto la nyuma, arekebishe kioo cha pembeni. Kila kazi ikizidi sekunde tano za macho nje ya barabara, andika. Tesla Model S tangu 2021 hata kuchagua kwenda mbele au nyuma kunafanyika kwenye skrini. Kijana atazoea kwa siku mbili. Dereva wa miaka hamsini na tano mpe wiki tatu na uvumilivu.

Zima intaneti ya gari kabisa, uone nini kinakufa. Kinachokufa hapo ndicho kitakachokufa barabarani baada ya Likasi.

Uliza pia ni kitu gani kinalipiwa kila mwezi. BMW iliwahi kutoza ada ya mwezi kwa joto la viti katika nchi kadhaa mwaka 2022, wateja wakapiga kelele, na mwaka uliofuata kampuni ikasema inaachana nalo. Kitu kilichopo kwenye gari na kimefungwa na programu, kihesabu kwamba hakipo.

Na kosa langu mwenyewe, ulione usilirudie. Nilimpitishia rafiki gari lililotumika, kila kitu safi. Sikudai akaunti ihamishwe. Wiki ya pili, saa mbili usiku, honi ilipiga uani mara tatu na taa zikawaka. Mwenye gari wa zamani, huko Ulaya, alikuwa bado nalo kwenye simu yake na alikuwa anajaribu tu kama linajibu. Tangu siku hiyo sitoki kwa muuzaji kabla ya kuona jina la mnunuzi kwenye skrini.

## Hatua ya 10: Kuchaji nyumbani, ambako starehe yote inaanzia

Kiti kizuri cha gari lisilo na chaji ni kochi. Hesabu mwenyewe, ni rahisi.

Soketi ya kawaida kwa ampea 10 inatoa kama kilowati 2.3. Betri ya kilowati-saa 100, kutoka asilimia 20 hadi 80, inataka 60. Hiyo ni zaidi ya saa 26, ukiongeza kinachopotea njiani karibu saa 29 za umeme usiokatika. Nani kati yetu anapata saa 29 mfululizo? Chaja ya ukutani ya ampea 32 inatoa kilowati 7.4, na kazi ileile inaisha kwa saa tisa hivi. Hata SNEL, kampuni ya umeme, ikikata katikati ya usiku, asubuhi unaondoka.

Sasa jambo linalowakwamisha wengi: waya wa ardhi. Chaja nyingi zikikosa ardhi nzuri zinakataa kabisa kuwasha, na mtu anadhani gari limekufa. Nyumba nyingi za mjini waya huo haupo, au upo ukutani bila kufika ardhini. Jenereta ndogo nazo zinakataliwa kwa sababu hiyohiyo. Mlete fundi umeme apime kabla ya gari kuingia uani. Asitumie ekstensheni ya redio, itayeyuka.

Kwa safari, chukua kilometa zilizoandikwa na uzipunguze. Namba ya China, CLTC, mimi natoa theluthi. Ya Ulaya, WLTP, natoa moja ya tano. Likasi iko kama kilometa 120, kwenda na kurudi 240. Kwa ulaji wa kilowati-saa 20 kwa kila kilometa 100, hiyo ni 48, na betri kubwa inarudi nyumbani ikicheka. Kolwezi, yapata kilometa 300 kwenda peke yake, usiende kabla hujajua utachajia wapi.

Kuna kipengele kimoja ambacho ningekilipia kabla ya viti vya kukanda: gari kutoa umeme nje. BYD Seal na Hyundai Ioniq 6 zinaweza kuwasha friji na taa za nyumba umeme ukikatika. Hiyo Seal, kama magari mengine yenye betri ya Blade ya BYD, haina kobalti hata chembe, jambo ambalo hapa Katanga, inakochimbwa kobalti, huwa linazua mabishano marefu mezani.

## Hatua ya 11: Buti, tairi, na alama

Fungua buti, inua zulia. Tairi la akiba halitakuwepo, kuna dawa ya kuziba tundu tu. Dawa haizibi mpira uliopasuka ubavuni kwenye shimo. Uliza bei ya tairi moja la saizi hiyo na litafika kwa siku ngapi. Mwonyeshe fundi wako sehemu nne za kuwekea jeki, maana jeki ikiwekwa pengine inakaa chini ya betri. Nyaya za rangi ya chungwa asiziguse kabisa.

Alama zangu, juu ya 100: kiti cha nyuma 30, barabara mbaya 25, kuchaji 20, breki na tumbo 10, ukimya 5, hewa 5, skrini 5. Wewe ukiwa unaendesha mwenyewe, hamisha 15 kutoka nyuma kwenda mbele. Kwa anayeendeshwa, gari lisilofika 18 kwenye kiti cha nyuma silipendekezi hata likipata alama zote kwingine kote.

## Hatua ya 12: Lala nalo usiku mmoja

Toa dhamana, andikiana na muuzaji, lipeleke nyumbani. Saa mbili usiku andika asilimia ya betri na hesabu ya mita ya umeme, chomeka, weka ampea kumi, nenda kalale. Umeme ukikatika na kurudi, hicho ndicho kipimo chenyewe, usiinuke.

Saa kumi na mbili asubuhi shuka na tochi. Shika plagi kwa mkono: vuguvugu ni sawa, moto haukubaliki. Soma asilimia. Kama imepanda na gari limeendelea kuchaji lenyewe baada ya umeme kurudi, mwamshe mzee, mwambie avae, mpeleke kanisani kwa kiti cha nyuma, na njiani usimuulize kitu.